Kununua na kurusha jeti yako mwenyewe: anza na bima, ndege ije baadaye

Mtu akishikwa na hamu ya jeti, simu yake ya kwanza huenda kwa muuzaji. Muuzaji atamwalika, atamkalisha kiti cha kushoto, atamwashia skrini zote, na kabla jua halijazama amana imeshalipwa. Baada ya miezi kadhaa mnunuzi anagundua kwamba hakuna kampuni ya bima iliyo tayari kumruhusu airushe peke yake. Ndege inalala hangani, naye anamlipa rubani wa kukodi kila anapotaka kusafiri kwa kitu alichokinunua ili ajirushe mwenyewe.

Mwongozo huu umegeuza mpangilio huo. Unaanza na safari, kisha uzito, kisha rubani, kisha bima. Ndege yenyewe inakuja hatua ya tano.

Jeti ninazozungumzia ni zile zinazoitwa nyepesi sana: uzito wa juu wa kuruka hauzidi sana pauni 10,000, yaani kilo 4,540 hivi, na sheria inaruhusu rubani mmoja. Hapa ndipo walipo Cirrus Vision Jet, Eclipse 500 na Cessna Citation Mustang. Embraer Phenom 100 na HondaJet zinagonga mstari huo au kuuvuka kidogo, lakini wanunuzi ni walewale. Nitaeleza zaidi taratibu za Marekani, kwa kuwa ndiko soko lilipo na ndiko ndege hizi nyingi zimesajiliwa.

Hatua ya 1: Andika safari za mwaka uliopita

Usiandike safari unazoota. Chukua daftari, andika safari ulizofanya kweli kwa miezi 12: ulitoka wapi, ulifika wapi, mlikuwa wangapi, mlibeba nini, uwanja ulikuwaje. Kama safari nyingi ni za chini ya kilomita 400, jeti haina faida kubwa. Itatumia muda wake mwingi ikipanda na kushuka, na injini ya jeti hunywa mafuta vibaya sana ikiwa chini. Kama viwanja vyako ni vya murram na vumbi, kama vile vingi vya mbugani Serengeti na Maasai Mara, funga ukurasa huu ukatafute ndege ya propela yenye turbini kama Caravan au PC-12. Injini ya jeti ndogo hufyonza kila kinachorushwa na tairi la mbele, na kokoto moja ikipenya kwenye feni utalipa bei ya gari.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya uzito, tena kwa kalamu

Hapa ndipo ndoto nyingi huishia, na ni afadhali ziishie hapa kuliko hewani.

Chukua Vision Jet. Uzito wake wa juu wa kuruka ni pauni 6,000, sawa na kilo 2,722. Matangi yakijaa hubeba galoni 296, ambazo ni kilo 907 hivi za mafuta. Kila ndege ina karatasi yake ya uzito mtupu, na vifaa vya ziada huiongeza. Tuseme hii yako ina kilo 1,680. Toa 1,680 kwenye 2,722, unabaki na kilo 1,042 za kugawana kati ya watu, mizigo na mafuta. Ukijaza matangi, zinabaki kilo 135: wewe, mwenzako mmoja mwembamba, na mkoba wa kompyuta. Viti saba vinavyoonekana kwenye picha bado vipo, ila hakuna wa kuvikalia.

Sasa geuza hesabu. Pakia familia kwanza: wewe kilo 85, mke 70, watoto watatu jumla 120, mabegi 50. Ni kilo 325. Mafuta yanayoruhusiwa ni kilo 717. Ndani yake tenga ya kwenda uwanja mbadala na ya dakika 45 za ziada ambazo sheria ya kuruka kwa vyombo, bila kutegemea kuona nje, inazidai. Tuseme kilo 230 pamoja na za kutambaa ardhini. Unabaki na kilo 487 za safari yenyewe. Saa ya kwanza, yenye kupanda, itakula 240 hivi. Zinazofuata, ukiwa juu, karibu 200 kila saa. Ni saa mbili na robo. Bila upepo wa mbele utasafiri kilomita 1,100 hivi. Chicago hadi Atlanta inafika. Nairobi hadi Kigali inafika vizuri. Lakini kilomita 2,200 za kwenye tangazo ni za mtu anayeruka karibu peke yake.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa kila ndege unayoifikiria. Mustang ina uzito wa juu wa pauni 8,645 na injini mbili. Hubeba zaidi na hunywa zaidi.

Kisha ongeza joto na mwinuko. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko futi 5,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na njia zake za kurukia zina mita 1,500 hivi. Siku ya nyuzi 27, hewa pale ni nyepesi kana kwamba uko futi 8,260 hivi. Hesabu ni rahisi: kwenye kimo hicho hali ya kawaida ni nyuzi 4, zilizozidi ni 23, zidisha kwa 120, jumlisha na kimo cha uwanja. Bawa linapata hewa pungufu, injini nayo inapata hewa pungufu, na njia ni ileile. Denver na Albuquerque wana tatizo hilohilo. Fungua majedwali ya kitabu cha ndege, usome safu ya kimo hicho na joto hilo, na usimwachie muuzaji akusomee.

Hatua ya 3: Jipime mwenyewe

Cessna 172 huenda kilomita 220 hivi kwa saa. Vision Jet huenda 550. Umbali uliokupa dakika tano za kufikiri sasa unakupa mbili. Jeti ndogo za kisasa ni rahisi kushika usukani, pengine kuliko ndege ya pistoni: hakuna propela ya kurekebisha wala mchanganyiko wa mafuta wa kupunguza. Ugumu wake ni kwamba akili yako lazima iwe mbele ya ndege, na ndege yenyewe inakimbia.

Ngazi za leseni Marekani zinakwenda hivi. Leseni ya rubani binafsi inataka saa zisizopungua 40, ingawa wengi humaliza wakiwa wamepita hapo mbali. Inafuata idhini ya kuruka kwa vyombo, yaani kuruka ndani ya mawingu bila kuona nje: saa 40 za vyombo, pamoja na saa 50 za safari za mbali ukiwa rubani mkuu. Bila idhini hii jeti haikufai kitu, kwa sababu kimo inachotakiwa kuruka ni cha vyombo tu. Ndege ikiwa na injini mbili, ongeza idhini ya injini mbili. Vision Jet ina injini moja, kwa hiyo ngazi hiyo unairuka. Kisha yanakuja mafunzo ya kimo kikubwa, kwa ndege zenye hewa ya kusindikwa (inayosukumwa ndani ili watu wapumue) zinazopita futi 25,000. Mwisho kabisa ni idhini ya aina ya ndege, ambayo marubani huiita taipu retingi. Kila jeti inayo yake, hata iwe ndogo vipi.

Cheti cha afya usikisahau. Ule utaratibu nafuu wa afya kwa marubani wa Marekani, BasicMed, unaishia futi 18,000 na kasi ya noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa, kwa hiyo mwenye jeti hana budi kwenda kwa daktari wa anga kupata cheti kamili. Nenda kabla ya kutoa senti. Wapo waliojikuta na ndege hangani na moyo uliokataliwa na daktari.

Kama wewe si raia wa Marekani, kuna uchunguzi wa TSA, shirika la usalama wa usafiri la Marekani, kabla ya kuanza mafunzo ya leseni ya kwanza, ya vyombo na ya injini mbili. Upange mapema. Ulaya wao wanataka angalau saa 70 ukiwa rubani mkuu kabla ya jeti yako ya kwanza, pamoja na kozi ya nadharia ya ndege zenye uwezo mkubwa.

Haya yote ni kiwango cha chini cha sheria. Ushauri wangu ni huu: usiruke kutoka Cessna 172 hadi jeti. Pitia ngazi ya katikati kwa mwaka mmoja au miwili, mathalani ndege ya pistoni kama SR22 yenye skrini za Garmin, au ndege ya propela yenye turbini, na urushe mawinguni kwelikweli, usiku, kwenye viwanja usivyovijua. Saa 100 za namna hiyo zina uzito kuliko 300 za kuzunguka uwanja wa nyumbani Jumapili asubuhi.

Hatua ya 4: Mpigie dalali wa bima

Tafuta dalali anayeshughulika na ndege peke yake, si yule wa gari na nyumba. Atakuuliza saa zako zote, saa za vyombo, saa za turbini, umri, na kama umewahi kupata ajali au kupewa onyo. Mjibu ukweli, fomu ya bima yenye uongo ni karatasi isiyolipa. Kisha muulize wewe: kwa rubani kama mimi, ndege aina hii, ya thamani hii, masharti yatakuwaje?

Jibu la kawaida kwa anayeanza ni kwamba utalipa ghali mwaka wa kwanza, utafunzwa kwenye simuleta (mashine ya kuigiza urushaji) ya kituo wanachokikubali, na baada ya kupata idhini utaruka na rubani mlezi kwa saa kadhaa, 25 au 50, wakati mwingine 100. Rubani mlezi ni mzoefu wa aina hiyo ya ndege anayekaa kiti cha kulia na kukuzuia usijiue. Gharama yake ni juu yako, na hoteli zake, na chakula chake. Ukiwa umepita miaka 70, jiandae kwa masharti magumu zaidi, au kwa kuambiwa usiruke bila rubani wa pili.

Kwa vitendo, bima ndiyo inayoamua kuliko mamlaka ya anga. FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, inaweza kukupa idhini ukiwa na saa 250. Bima ikikataa, na kama ndege ina mkopo wa benki, umekwama. Majibu haya yaombe kwa maandishi, kwa aina mbili au tatu za ndege. Mara nyingi karatasi hizo ndizo zinazochagua ndege kabla hujachagua wewe.

Hatua ya 5: Sasa chagua ndege

Kabla ya kupenda sura, pitia historia kidogo, maana soko hili lina makaburi mengi.

Eclipse Aviation ya Albuquerque iliundwa mwaka 1998 na Vern Raburn, mtu aliyetoka kwenye ulimwengu wa kompyuta, kwa ahadi ya jeti ya injini mbili ya chini ya dola milioni 1. Injini ndogo ya kwanza iliyokusudiwa ikashindwa, wakahamia Pratt & Whitney Canada, miaka ikasogea. Eclipse 500 ilipata cheti Septemba 2006. Bei ikapanda hadi kupita milioni 2, na Novemba 2008 kampuni ikaomba ulinzi wa kufilisika. DayJet, kampuni ya teksi za anga ya Florida iliyokuwa mteja wake mkubwa, ilikuwa imesimama miezi miwili kabla. Waliolipa amana na hawajapewa ndege waliangalia fedha zao zikizama. Ndege 260 hivi zilizotengenezwa zimepita mikononi mwa kampuni kadhaa tangu hapo. Eclipse ni nyepesi, ina kasi na hunywa kidogo, na ndiyo maana bei yake ya mtumba inavutia. Lakini kabla ya kununua uliza nani leo anatengeneza kioo chake cha mbele, nani anasasisha programu zake, na kipuri kinachukua wiki ngapi. Adam Aircraft, kampuni nyingine iliyotaka kutengeneza jeti ndogo, ilifunga mlango mwaka 2008. Piper iliachana na jeti yake mwaka 2011. Diamond nayo ikaiweka D-Jet kando.

Mustang ilipita njia ya polepole. Cessna ilikuwa inajua kutengeneza jeti tangu zamani, ikapata cheti Septemba 2006, ikatengeneza 479, ikasimama mwaka 2017. Haina maajabu. Fundi anaijua, vipuri vipo, marubani walezi wapo. Kwa mtu anayenunua jeti yake ya kwanza kwa fedha zake, mimi ningeiangalia hii kwanza, hasa kwa sababu haina maajabu.

Vision Jet ilipata cheti Oktoba 2016 na inatengenezwa Duluth, Minnesota. Injini moja ya Williams mgongoni, mkia wa V, na parachuti ya ndege nzima iliyofichwa puani. Ya kizazi cha kwanza ilikomea futi 28,000. Kizazi cha pili, mwaka 2019, kikapandishwa hadi 31,000. Tangu 2020 kuna kitufe darini: rubani akizimia, abiria anakibonyeza, ndege inachagua uwanja, inawatangazia waongoza ndege, inatua na kuzima injini yenyewe. Mpya inapita dola milioni 3. Parachuti ilitumika kwa kweli mara ya kwanza Septemba 2022 karibu na Kissimmee, Florida, katika hali mbaya ya hewa. Hivi ni vifaa vya kukuokoa wewe na familia yako. Usivihesabu kama saa za uzoefu, kwa sababu bima haivihesabu hivyo.

HondaJet ilipata cheti Desemba 2015. Injini zake zimesimama juu ya mabawa, na ina ukimya na nafasi ya mizigo ambayo wengine hawana. Inapaa hadi futi 43,000. Phenom 100 imejengwa imara na ni pana ndani.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa kabla ya kununua

Usimtumie fundi wa muuzaji. Lipa kituo kinachoijua aina hiyo, kikiwa hakina uhusiano na ndege hiyo, na mkataba useme wazi kwamba kasoro za usalama zitagharimiwa na muuzaji au unarudishiwa amana.

Kwanza, madaftari ya ndege yawepo yote, tangu siku ilipotoka kiwandani. Ndege iliyopoteza daftari moja hupoteza sehemu kubwa ya thamani. Pili, amri za usalama ziwe zimetekelezwa. Kwa mfano, Aprili 2019 Vision Jet zote zilisimamishwa hadi kihisi cha pembe ya bawa kibadilishwe, baada ya ndege kadhaa kupata maonyo ya uongo na kusukumwa pua chini bila sababu. Tatu, injini ziwe kwenye mpango wa kulipia kwa saa. Kila saa unayoruka unaweka mamia ya dola, na siku ya kuifumua injini na kuiunda upya bili inalipwa na mpango. Ndege iliyo nje ya mpango huuzwa rahisi, na mnunuzi huja kujua sababu akiletewa hesabu ya injini.

Umiliki uchunguzwe Oklahoma City, kwenye daftari la FAA, ili usinunue ndege yenye deni la mtu mwingine. Fedha zipite kwenye akaunti ya amana ya mtu wa tatu. Asiye raia wala mkazi wa kudumu wa Marekani hawezi kusajili ndege huko kwa jina lake moja kwa moja. Wengi hutumia mfuko wa amana unaoshika umiliki kwa niaba yao.

Ukiwa unaileta Afrika Mashariki, ukaguzi uchunguze pia vifaa vya dharura vya baharini, maana njia ya jeti ndogo kwa miaka mingi imekuwa ile ya kurukaruka visiwani: Goose Bay nchini Canada, Narsarsuaq katika Greenland, Reykjavik, Uskoti, kisha kusini. Mruko wa Goose Bay hadi Narsarsuaq ni kilomita 1,250 hivi juu ya maji ya barafu, na uwanja wa mwisho uko ndani ya ghuba nyembamba iliyozungukwa na milima. Kazi hiyo mpe rubani aliyeizoea. Wewe kaa kulia ujifunze. KCAA au TCAA, mamlaka za anga za Kenya na Tanzania, waone mapema kuhusu usajili na uthibitisho wa leseni, na umjue kwa jina fundi atakayeihudumia kabla haijaondoka Marekani.

Hatua ya 7: Mafunzo ya aina ya ndege

Tenga wiki mbili au tatu bila simu za ofisini. Kozi ya Vision Jet hufanyika Knoxville, Tennessee, kwenye simuleta inayotikisika kama ndege. Nusu ya kwanza ni mifumo: umeme, mafuta, hewa ya kusindika, barafu. Nusu ya pili ni kushindwa: injini inazimika baada ya kasi ya kuruka, moshi ndani, skrini zinakufa. Mtihani unapimwa kwa viwango vya rubani wa shirika la ndege, ijapokuwa leseni yako ni ya binafsi.

Anza kusoma nyumbani miezi miwili kabla. Hatua za dharura za kukaririwa zikae kichwani kama namba ya simu ya mama yako. Na angalia jambo moja ambalo wengi hulipita: ukifanya mtihani wa Mustang ukisaidiwa na rubani wa pili, idhini yako itaandikwa kwamba lazima awepo. Idhini ya kuruka peke yako ni mtihani wake.

Baada ya hapo ndipo anaingia rubani mlezi. Mpeleke kwenye safari zako za kweli ulizoandika hatua ya 1. Saa za kuzunguka uwanja mlipolala hazitakufunza kitu.

Hatua ya 8: Jiwekee mipaka ukiwa bado ardhini

Desemba 8, 2014, Phenom 100 iliyorushwa na mmiliki wake ilikuwa inatua Gaithersburg, Maryland, ikipita kwenye mawingu yenye barafu. Mfumo wa kuondoa barafu kwenye mabawa na mkia haukuwashwa. Kwa nini mtu aache kuuwasha? Ukiuwasha, kitabu kinakudai uje na kasi kubwa zaidi, na kasi kubwa inataka njia ndefu. Njia ya pale ina mita 1,281 tu. Rubani alikuja na kasi za ndege isiyo na barafu. Mabawa yaliyochafuka yakapoteza nguvu ya kuinua kabla ya kasi aliyoitarajia, ndege ikaangukia nyumba. Walikufa watatu ndani yake, na mama na wanawe wawili wadogo nyumbani.

Kisa hiki kisome polepole kabla ya majira ya baridi. Ajali ile ilianza kupikwa ardhini, pale uwanja mfupi ulipochaguliwa siku ya barafu, na kila uamuzi uliofuata ukabanwa na huo wa kwanza. Kwa hiyo andika mipaka yako kwenye karatasi, uisaini, umpe mwenzako nakala.

Njia ya kutua: chukua umbali wa kitabu, zidisha kwa 1.67. Hicho ndicho kipimo cha jeti za biashara, zinazotakiwa kuweza kutua ndani ya asilimia 60 ya njia. Wewe wa binafsi hulazimishwi, lakini jilazimishe. Njia ikiwa na maji, ongeza tena asilimia 15. Umbali wa kitabu ukiwa mita 900, unahitaji 1,500 pakavu na zaidi ya 1,700 mvua ikinyesha. Jeti ndogo nyingi huharibika kwa kupita mwisho wa njia: rubani alikuja na kasi ya ziada kidogo, akagusa mbali kidogo, breki zikateleza kidogo. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa kiwanja cha ndege kwa kawaida una mtaro.

Oksijeni: sheria ya Marekani inasema ukiwa rubani peke yako juu ya futi 35,000 lazima uwe umevaa barakoa na kuitumia, si kuiweka karibu. Karibu kila anayejisifu kwamba Mustang yake inafika 41,000 hulisahau hili. Sababu ipo: hewa ikitoroka kwenye futi 40,000 una sekunde 15 hadi 20 za akili timamu. Kwenye futi 25,000 unazo dakika tatu hadi tano. Mimi ningesafiri futi 34,000 na kulipia mafuta ya ziada.

Kitabu cha dharura: Juni 2008, Eclipse moja ilikuwa inatua Chicago Midway katika upepo wenye misukosuko. Marubani walisukuma vishikio vya nguvu mbele kwa kishindo, kompyuta ikaona amri imepita kiwango, na injini zote mbili zikagoma zikiwa kwenye nguvu kamili. Walizunguka, wakasoma kitabu, wakazima injini moja, na ile ya pili ikashuka hadi chini kabisa na kukataa kuitika. Walitua salama, matairi yakapasuka. Walikuwa wawili. Jiulize wewe peke yako ungeshika kitabu kwa mkono upi, kisha siku ya kwanza ya mafunzo uamue kitabu hicho kitakaa wapi chumbani ili ukifikie bila kugeuza kichwa.

Hatua ya 9: Kila mwaka, rudi

Rubani mkuu wa jeti Marekani, hata anayeruka peke yake kwa shughuli binafsi, lazima apimwe ndani ya kila miezi 12. Bima nayo itataka iwe kwenye simuleta. Nafasi hujaa, kwa hiyo agiza ya mwaka ujao siku ileile unayomaliza ya mwaka huu. Nenda na orodha ya mambo matatu yaliyokutisha ndani ya mwaka, umpe mkufunzi kabla hamjaingia, umwombe akurudishie yote matatu gizani, mvua ikinyesha, na injini moja ikiwa imezimika.